Sato Mwekundu Kwenye Pazia la Mama Mdogo

Wiki iliyopita fundi alikuja kupaka geti letu rangi ya mafuta. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, harufu ile ikaingia dirishani, harufu kali inayopanda puani na kwenda kukaa nyuma ya macho, na nikajikuta nimesimama na ungo mkononi, nacheka peke yangu. Binti yangu akaniuliza, "Mama, unacheka nini?" Nikamwambia nimemkumbuka samaki mmoja. Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye simu yake.

Nyinyi najua mna subira kuliko yeye, basi ngoja niwasimulie.

Mimi ni mpiga picha. Harusi nimepiga za kutosha, lakini picha ninazozipenda ni za vitu na watu wa kila siku: madumu yaliyopangwa foleni ya maji, mlango wa kibanda uliopauka, mwanamke anakunja kitenge mbele ya ukuta wa kijani. Picha hizo zikitundikwa mahali watu wakaja kuzitazama, hakosekani mmoja wa kuniuliza nilisomea wapi kuziona rangi namna ile. Nadhani anategemea nitaje chuo cha ng'ambo. Huwa namjibu kwamba nilisomea Igogo, mwisho wa wiki mmoja tu, nikiwa na miaka tisa, na masomo yalianza kwa mimi kuharibu mali ya mtu.

Wazazi wangu walikuwa walimu Misungwi. Kila likizo ya mwezi wa sita walinipeleka mjini kwa mama mdogo Kalunde, mdogo wake mama, aliyekuwa na studio ya picha Igogo. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichoegemezwa kwenye jiwe kubwa, kama nyumba nyingi za kule mlimani. Ukuta wa nyuma haukujengwa, ulikuwa jiwe lenyewe, na masika lilitoa jasho kama mtu. Mama mdogo alikuwa mrefu, hakuwa ameolewa bado, alivaa suruali wakati wenzake hawavai, na mtaa mzima ulimwita Mama Picha. Hata mchungaji wa kanisa la jirani, ambaye hakuwa wa dhehebu letu, alimwita hivyo hivyo.

Kitu cha thamani kuliko vyote katika studio ile kilikuwa pazia, wala kamera haikufua dafu mbele yake. Lilikuwa turubai zito, kutoka darini hadi sakafuni, limechorwa maporomoko ya maji, ngazi nyeupe zinazopanda kwenda kusikojulikana, mabata wawili wa majini waliogusanisha vichwa, na chini yake ziwa la bluu lililotulia kama sahani. Igogo yote ilipigiwa picha hapo. Ungeingia nyumba yoyote ungemkuta baba mwenye nyumba ukutani, kasimama mbele ya maporomoko, mikono imekakamaa, suruali kavu kabisa. Bibi mmoja ambaye macho yake yalikuwa yamechoka aliwahi kuinua gauni asilowane. Mama mdogo alimpiga hivyo hivyo, gauni limeinuliwa, na bibi akaipenda picha ile mpaka akaomba ya pili.

Nami pazia nililipenda, ila kuna jambo lilinikera. Mimi mtoto wa kanda ya ziwa, ziwa nalijua. Ziwa lile la kwenye pazia halikuwa na mtumbwi wala wavu, na halikuwa na samaki hata mmoja. Kila nilipolitazama nililionea huruma.

Lakini mama mdogo mwenyewe pazia lile hakulitazama hata kidogo. Alichotazama ni mambo ambayo watu wengine wanayapita. Tulikuwa tukienda sokoni anasimama ghafla katikati ya njia, anakunja jicho moja, na kumbe anaangalia beseni la kijani lililojaa nyanya. Watu wanatuzunguka na mizigo yao, yeye kasimama. "Vero," ananiambia, "hebu ona hizo nyanya zinavyopiga kelele." Mimi nilitega sikio nisisikie kitu. Kwenye droo ya meza yake alikuwa na picha ambazo hakuna mteja aliyeziagiza: beseni lile, ndoo ya maji, shati la bluu kwenye kamba, miguu ya babu juu ya mkeka, kiti cha njano kilichokosa mguu mmoja. Mama yangu alipokuja kunichukua likizo moja na kuziona, alishika kiuno.

"Kalunde, ndoo si tunaiona kwa macho kila siku? Unaipigia picha ya nini?"

"Dada," mama mdogo akamwuliza, "ndoo yako ya maji kule nyumbani ina rangi gani?"

Mama akaangalia juu kama anayeitafuta. "Ya... bluu."

Ilikuwa ya kijani. Mimi ndiye niliyekuwa nachotea maji, nilijua. Lakini nilimtazama mama usoni nikaona afadhali ninyamaze.

Sasa, likizo ninayoisimulia, askofu alikuwa anakuja parokiani kutoa Kipaimara. Watoto kumi na wanane wa mtaa wetu walikuwa wanapokea, na wazazi wote walikuwa wamekwisha kupatana na mama mdogo kwamba Jumapili baada ya misa watoto wapelekwe studio, wapigwe picha za rangi, mmoja mmoja, mbele ya maporomoko. Kwa siku kadhaa hapakuwa na habari nyingine. Mafundi cherehani walikuwa wanashona magauni meupe hadi wanapitiwa na usingizi juu ya mashine.

Ijumaa mchana mama mdogo alikwenda parokiani kuuliza misa itaisha saa ngapi. Aliniacha na sufuria ya maharage ya kuangalia yasiungue. Nje, kivulini kwetu, fundi Masatu alikuwa ameacha kopo la rangi nyekundu na brashi. Fundi Masatu alikuwa jirani yetu, mtengeneza mitumbwi, mtu wa Musoma vijijini, mpole, na aliyachanganya maneno kwa namna iliyotuchekesha watoto; rangi aliita langi, na alipohesabu, "nne" na "tano" alizitamka vizuri ila "mbili" ikawa "mbiri". Alikuwa amekwenda kula.

Nilichungulia ndani ya kopo. Rangi ilikuwa nzito, inang'aa, na ile harufu yake. Nikawaza: ziwa la watu halina samaki.

Nilikusudia kasamaki kadogo tu. Nikapanda kiti, nikamchora sato pembeni, karibu na mabata. Akawa mzuri, lakini mkia ukawa mfupi. Nikaurefusha. Mkia ulipokuwa mrefu, kichwa kikaonekana kidogo. Nikakiongeza. Hapo rangi ikaanza kutiririka kutoka tumboni mwa samaki, nikataka kuifuta kwa kiganja, ikasambaa. Nikakumbuka kwamba fundi Masatu hunawa mikono kwa mafuta ya taa, basi nikachukua kitambaa, nikakilowesha, nikasugua. Wapendwa wasomaji, msijaribu. Maporomoko ya maji yaligeuka mchuzi wa nyanya. Bata mmoja akapoteza kichwa. Katikati ya maafa hayo sato wangu alibaki mzima, mwekundu, mkubwa kama mtoto wa miaka miwili, jicho limekodoa. Na maharage yakaungua.

Mama mdogo aliingia akisema, "Vero, nasikia harufu ya..." kisha akaliona pazia.

Macho yake yakashuka kutoka kwenye maporomoko hadi kwa samaki. Mimi nilikuwa nimebana kwenye kona, mikono nyekundu hadi kwenye viwiko, nimeshaanza kulia kabla ya kuguswa. Akasogea, akavua kiatu kimoja, nikajua sasa. Lakini alikuwa anatoa kokoto tu. Akakivaa tena.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Sato."

"Sato mwekundu?"

"Rangi nyingine haikuwepo, mama mdogo."

Akaketi kwenye kigoda wanachokalia wateja, akajishika kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Aliponyanyua uso alikuwa anacheka, anacheka mpaka anajifuta machozi. Akaja fundi Masatu mlangoni kutafuta kopo lake. "Mama Picha, langi yangu umeiona?" Mama mdogo akamgeukia haraka, akasimama mbele yangu.

"Imemwagika, fundi. Nisamehe. Nitakurudishia."

Nilisikia neno lile, imemwagika, nikaona ndivyo watu wazima wanavyosema. Sikulifikiria zaidi. Jioni alinisugua mikono kwa majivu na sabuni, akaniambia nimsubiri ndani, ana mtu wa kumwona. Aliporudi tulikula maharage yale yale ya kuungua, akiyasifu kwamba yana ladha ya moshi.

Asubuhi ya Jumamosi alinipa daftari na penseli. "Jumapili watoto watatoka kanisani saa saba," alisema. "Jua la saa saba unalijua. Nguo nyeupe kwenye jua lile inakuwa kama karatasi, uso hauonekani. Tunatafuta vivuli. Lakini si kivuli tu, tunatafuta kivuli chenye rangi. Mahali kumi na nane. Wewe uliyefuta maporomoko ndiye utakayenitafutia."

Ndivyo tulivyozunguka Igogo siku nzima, kuanzia juu kwenye mawe hadi chini kwenye mwalo wa wavuvi, ambako dagaa walikuwa wameanikwa na kumetameta kama vipande vya kioo. Sijawahi kuwa na siku kama ile. Alinifundisha kukunja ngumi na kuchungulia kwenye tundu lake, ili dunia iwe ndogo na vitu vinavyochanganya viondoke. Alinisimamisha mbele ya ukuta wa saluni uliopakwa waridi, akatoa leso yake nyeupe, akaishika karibu na ukuta. "Ina rangi gani?"

"Nyeupe."

"Usiniambie unachokijua. Niambie unachokiona."

Niliitazama, nikaitazama, na taratibu, kama mtu anayezoea giza, nikaona kwamba ile leso ilikuwa na uwaridi upande mmoja na upande wa pili ilikuwa na ubluu kidogo, wa mbinguni. Nilipiga yowe. Mama mdogo akaruka kwa furaha pale barabarani, mtu mzima na suruali yake. "Nyeupe inaazima!" akasema. "Nyeupe inaazima kwa jirani yake. Kwa hiyo kila mtoto tunamtafutia jirani mzuri."

Kuanzia hapo nilichanganyikiwa. Kila kitu nilikiona kinaazimana. Shingo ya mbuzi ilikuwa na ukijani kwa sababu ya majani. Kidevu cha muuza maembe kilikuwa cha njano. Niliandika kwenye daftari kwa mwandiko wa darasa la tatu: Deusi, mtumbwi wa baba yake. Yustina, madumu ya njano ya kwenye bomba. Faustini, nyavu za bluu. Pacha wa Mama Grace, ukuta wa saluni, mmoja kushoto, mmoja kulia. Kila mahali mama mdogo alisimama akaangalia saa, akauliza wenyeji kivuli kinafika wapi saa saba, na wenyeji wakashindana kumwonyesha, huyu anasema kinafika kwenye karo, yule anabisha.

Tulikwama nyumbani kwa Mama Spesioza.

Mama Spesioza alikuwa anakaanga samaki karibu na njia ya kushukia ziwani. Alikuwa mwanamke mpana, sauti yake ilitangulia mbele yake, na mimi nilimwogopa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anamtazama mama mdogo.

"Kalunde, mimi sitaki habari za madumu na mitumbwi. Nataka Spesioza apigwe kwenye maporomoko. Dada zake watatu wote wamepigwa pale. Ukutani kwangu kuna msumari wa nne unasubiri."

"Pazia limeharibika, dada yangu."

"Lioshe."

"Haliosheki."

"Basi mkaniazimie lingine. Madumu nayaona kila siku ya Mungu. Nayabeba kichwani alfajiri, nayabeba jioni. Unataka kuniwekea na ukutani, niyaone hata nikikaa?"

Watu waliokuwa wananunua samaki wakacheka. Mama mdogo hakucheka. Nilitegemea atamwambia habari ya leso na nyeupe inayoazima, nikamvuta mkono nimkumbushe. Yeye aliinama akamsaidia kugeuza samaki, kisha akauliza taratibu, "Mama Spesioza, wewe ukipumzika unakaa wapi?"

"Nipumzike saa ngapi?"

"Hata dakika mbili."

Mama Spesioza aligeuza samaki wawili, watatu. Kisha akanyoosha kidevu kuelekea nyuma ya nyumba. "Pale kwenye jiwe. Asubuhi, nikishamaliza kusuuza ndoo. Kabla hawajaamka."

Tulikwenda kuliangalia. Lilikuwa jiwe kubwa la mviringo, limelainika pale juu, na kutoka hapo ziwa lote lilionekana. Niliandika kwenye daftari: Spesioza, jiwe la mama yake. Mama mdogo akatikisa kichwa. Jiwe lile saa saba halikuwa na kivuli hata cha kuficha kuku.

Jumapili ilikuwa sikukuu. Misa ilichelewa, askofu alipenda kuhubiri, lakini hatimaye wakatoka, wasichana na magauni yaliyokakamaa kwa wanga, wavulana na mashati meupe na tai walizokopeshana. Mama mdogo akatangulia na kamera shingoni, mimi nyuma yake na daftari kama karani, na nyuma yetu watoto kumi na wanane, na nyuma yao wazazi, mashangazi, wajomba, na kila mtu ambaye hakuwa na kazi. Tulipita Igogo kama harusi. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele hata hatujui wanapigia nini.

Mama mdogo alikuwa na mikanda miwili tu, picha nne kwa kila mtoto, hakuna ya kuchezea. Tulianza kwa fundi Masatu. Mtumbwi ulikuwa chini ya banda, nusu mwekundu, nusu mbao tupu, na Deusi aliposimama karibu nao kifua cha shati lake kikawa kama kimeguswa na machweo. "Usiegemee, mwanangu, langi mbichi!" alipiga kelele baba yake, na Deusi akaruka huku anacheka, na mama mdogo akabonyeza hapo hapo. Kwenye bomba, akina mama waliokuwa foleni waligeuza madumu yao wenyewe, upande usio na matope uangalie mbele, na Yustina akaketi katikati ya njano ile kama kiini cha yai kilichogeuka cheupe. Faustini aligoma nyavu kwa sababu zinanuka samaki, akabembelezwa, akasimama amebana pua, na hata leo nasikia hiyo ndiyo picha anayoipenda.

Tulipofika kwenye jiwe la Mama Spesioza jua lilikuwa linachoma. Hapo mama mdogo akawatuma vijana wanne studio. Wakarudi wamebeba pazia! Akawaamuru walinyanyue juu ya jiwe, kila mmoja na pembe yake, uso wa pazia uangalie juu na mgongo wake mweupe uangalie chini. Kivuli kikashuka, laini, na mwanga uliopenya turubai ukawa kama wa asubuhi. Maporomoko na mchuzi wake, pamoja na sato wangu, vikabaki vinamtazama Mungu.

Spesioza akaketi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, amenuna, kwa sababu mama yake naye alikuwa amenuna.

"Mama Spesioza, kaa naye," alisema mama mdogo.

"Mimi? Na kitenge cha kukaangia samaki?"

"Kaa unavyokaa asubuhi."

Kilikuwa kitenge cha njano kilichopauka, kina madoa ya mafuta. Alisita, akawatazama watu, kisha akaketi. Na alipoketi, wasomaji wangu, nilimwona mtu huyo akibadilika. Alitoa pumzi ndefu, miguu ikanyooka, mabega yakashuka. Akawa mtu anayetazama ziwa. Spesioza akamwangalia mama yake kama anamwona mara ya kwanza, pengine ndivyo ilivyokuwa, kwa maana saa hizo za jiwe yeye huwa amelala. Wakati huo huo mjusi, wale wa mawe ya kwetu wenye kichwa chekundu na mgongo wa bluu, akachomoza kwenye ufa karibu na gauni jeupe, akapiga kichwa juu chini kama anayesalimia. Spesioza akapiga kelele, mama yake akaangua kicheko, cheko lile la kwake la kusikika hadi ng'ambo, na kamera ikalia.

Picha zilikwenda kusafishwa mjini kati na zikarudi Alhamisi. Sijaona studio imejaa namna ile. Zilipita mkono kwa mkono, watu wanasukumana, wanaitana. Fundi Masatu aliitazama ya Deusi, akaenda nje kuutazama mtumbwi wake, akarudi kuitazama picha tena. Sio kwamba wote walifurahi. Baba mmoja alisema hajalea mtoto miaka kumi na miwili ili apigwe picha na mbao, akatoka bila kuaga.

Mama Spesioza alifika wa mwisho. Aliichukua picha yake, akaisogeza mlangoni penye mwanga.

"Hapa ni kwangu?"

"Ni kwako."

"Jiwe hili ni langu hili? Mbona lina bluu?"

"Lina bluu kila siku, dada yangu, kivulini."

Akaisogeza karibu na jicho. Akaipangusa picha kwa upindo wa kitenge, ingawa ilikuwa safi. "Lakini maporomoko ungenipigia tu," alisema mwishoni, na watu wakacheka, na yeye akacheka. Jioni Spesioza akaja na sahani ya samaki imefunikwa.

Mwaka uliofuata mama mdogo alinunua pazia jipya, na lilikuwa na maporomoko. Nilimlaumu sana. Nilikuwa nimeshajiona mtaalamu, nikamwambia pazia ni uongo. Alinijibu tu kwamba akija mtu atamwuliza, ndani au nje? Na wengi walisema vyote viwili.

Ilinichukua miaka kulielewa jambo hilo. Nilipoanza kupiga picha zangu mwenyewe nilipiga madumu, mabeseni na milango kwa kiburi, nikidhani wale waliopenda maporomoko hawakuwa na macho. Siku hizi najua walikuwa na macho mazuri tu. Mtu anayepanda mlima na dumu kichwani ana haki ya kusimama siku moja mahali ambapo maji yanakuja yenyewe. Kwa hiyo kabla sijapiga ndoo ya mtu, namwuliza kwanza yeye anapenda kukaa wapi.

Lakini lipo jingine, nalo nililijua juzi juzi tu, siku binti wa Spesioza alipopokea Kipaimara naye. Tulialikwa, mimi na mama mdogo. Mama Spesioza sasa ni bibi, sauti imepungua ila ulimi bado, na baada ya chakula akaanza kuwasimulia wajukuu.

"Huyu Kalunde mnayemwona mtulivu hapa! Ijumaa ile alikuja mlangoni kwangu jioni, viatu mkononi kwa ajili ya mawe, amepita nyumba zote za wenye watoto. Ananiambia, 'Mama Spesioza, pazia nimeliharibu kwa mkono wangu. Nilikuwa najaribu rangi, nikachora samaki.' Nikamwuliza, mtu mzima na akili zako, unachora samaki? Ananiambia, 'Dada yangu, shetani alinipitia.'"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka nusu, nikasita. Nilikumbuka kwamba mwisho wa wiki ule hakuna mtu aliyenikemea, hata mmoja, na kwamba nilizunguka mtaani na daftari langu nikishangaa jinsi watu wa Igogo walivyo wema. Nyumba zote zile, kwa miguu, juu ya mawe yale, na kila mlango akijitwisha kosa langu, mwanamke ambaye riziki yake yote ilikuwa jina lake.

Nilifungua mdomo nisahihishe. Nikamtazama mama mdogo ng'ambo ya meza. Alikuwa anapuliza chai yake, polepole, hana habari nami kabisa. Nikamsogezea sukari, na samaki akabaki wake.